Kawaida ya Nani? Damu Yetu na Ugonjwa wa Kusahau

Karatasi ya labo ina safu tatu. Ya kwanza inataja kipimo: sukari, hemoglobini, kreatinini. Ya pili ni namba yako. Ya tatu ni namba wanayoiita ya kawaida. Kazi yangu ni ya vijana, lakini hapa Rusizi mara nyingi inageuka kuwa kazi ya kuwasindikiza wazee kwenye vituo vya afya na kuwatafsiria, na huko nimeona jambo moja. Kila mtu anaangalia safu ya pili. Muganga anaiangalia, mgonjwa anaiangalia, na mimi naiangalia. Ile ya tatu hakuna anayeiuliza. Iko pale imechapwa tayari kwa mashine, kama vile ilishuka mbinguni pamoja na karatasi yenyewe.

Mimi leo nataka kuiuliza. Hiyo kawaida ni ya nani?

Nianze na jirani yetu mmoja. Jina lake sitaliandika. Ni koko wa miaka sabini na kitu, alivuka kutoka Bukavu pamoja na binti yake na wajukuu mwezi wa pili mwaka 2025, wakati vita vilipofika mjini. Kule alikuwa anauza sambaza sokoni Kadutu, na binti yake anasema hakuwahi kushika kalamu: madeni yote ya wateja alikuwa nayo kichwani, hadi franga ya mwisho. Sasa anaamka saa nane za usiku, anafunga kitenge, anatoka nje. Ukimuuliza anaenda wapi anasema, "Naenda kwetu, mutumbwi itaniacha." Siku moja asubuhi alimwangalia binti yake muda mrefu, kisha akamuuliza kwa adabu kabisa: "Weye uko mutoto ya nani?" Yule mama aliingia jikoni akalia.

Watoto wa kartye, na wengine ni wa kikundi changu mwenyewe, walianza kumwita mulozi. Juu ya nini? Juu anatembea usiku na anaongea peke yake. Sisi tuliotoka Kivu ya Kusini tunajua neno hilo linafika wapi. Wamama wazee wamepigwa na kuchomwa moto kwa neno hilo tu, na mwaka 2021 habari zao zilitoka hata kwenye magazeti ya mbali. Kwa hiyo tulipompeleka koko kwenye kituo kimoja cha afya, hatukuenda kutafuta elimu. Tulienda kutafuta kinga. Tulitaka karatasi inayosema: huyu si mulozi, huyu ni mgonjwa.

Walimpima malaria, hakuna. Walimpima sukari, nzuri. Wakasema: "Ni uzee tu." Benchi lilikuwa limejaa watu na muganga alikuwa mmoja, simlaumu. Lakini tulirudi nyumbani bila karatasi.

Sasa kuna habari ambayo vijana wenzangu wengi hawajaisikia, na waliosikia wanaiona ya wazungu. Karatasi ile iko njiani. Kipimo cha damu cha ugonjwa wa Alzheimer kimeshapatikana. Na ninaandika kwa sababu naogopa kwamba kitafika kwetu na safu ya tatu imeshajazwa, kwa damu ya watu wengine, na tutaipokea bila swali kama kawaida yetu.

Tuelewane kwanza juu ya ugonjwa. Jina ni la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, ambaye mwaka 1906 alieleza ubongo wa mama mmoja aliyemjua akiwa hospitali Frankfurt. Ndani ya ubongo ule alikuta mambo mawili: vibonge katikati ya seli, na nyuzi zilizojisokota ndani ya seli. Leo inajulikana kwamba vibonge vinatokana na protini inayoitwa amiloidi, na nyuzi zinatokana na protini inayoitwa tau. Shirika la Afya Duniani, OMS, linahesabu kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na demensia, yaani akili kupungua hadi mtu anashindwa kuishi mwenyewe. Zaidi ya asilimia 60 wako katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Na katika demensia zote, Alzheimer ni asilimia 60 hadi 70. Basi anayesema ni ugonjwa wa wazungu, wengi wa wagonjwa wenyewe hawajui hata kwamba ni wazungu.

Kwa miaka mingi, ukitaka kuona vibonge hivyo kwa mtu aliye hai, ilibidi umpige picha ya PET, mashine ya bei ya kutisha, au umchome sindano mgongoni utoe maji ya uti wa mgongo. Kwa watu wetu njia zote mbili ni ndoto. Lakini vipande vidogo vya protini zile vinavuja hadi kwenye damu. Ni kidogo sana: chukua gramu moja uigawe mara bilioni elfu, ndicho kipimo wanachotumia kuhesabu. Mashine mpya zinaweza. Wataalamu wanaviita vipande hivyo bayomaka, na kinachosifiwa zaidi leo kinaitwa p-tau217. Mwezi wa tano mwaka 2025, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilikubali kipimo cha kwanza cha damu cha aina hiyo, Lumipulse cha kampuni ya Fujirebio, kwa watu wa makamo na wazee ambao tayari wana dalili. Kipimo kiliangaliwa kwa sampuli 499. Kinatoa majibu matatu: ndiyo, hapana, na haijulikani. Waliopata haijulikani walikuwa chini ya asilimia 20.

Sasa fika kwenye swali langu. Hiyo ndiyo na hapana inakatwa wapi?

Nilisoma sekondari upande wa biokemia, sikuendelea mbele, lakini jambo hili halihitaji chuo kikuu. Namba ya kawaida inatengenezwa kwa mikono ya watu. Unatafuta watu wazima wa afya, kanuni ya maabara inasema wasipungue 120. Unawapima. Unapanga namba zao kutoka ndogo hadi kubwa. Unakata asilimia mbili na nusu huku chini, asilimia mbili na nusu kule juu. Waliobaki katikati, asilimia 95, hao njo kawaida. Basi ni hivyo tu. Hata maana yake angalia vizuri: katika kila watu ishirini wenye afya, mmoja ataambiwa hayuko kawaida, na hana kitu.

Kwa Alzheimer kuna namba ya pili, mpaka wa uamuzi. Hapo wanachukua watu waliokwisha kupigwa picha ya PET au kutolewa maji ya mgongo, wanatafuta namba ya damu inayowatenga vizuri wenye vibonge na wasio navyo. Namba zote mbili zinategemea kitu kimoja: mlango wa nani uligongwa. Na milango iliyogongwa hadi leo, mingi sana ni ya Ulaya na Marekani, ya watu waliosoma miaka mingi, wanaokaa karibu na hospitali kubwa.

Mtu ataniambia: damu ni damu, Mungu aliumba binadamu mmoja. Kweli kabisa, na mimi sisemi damu yetu ni ya kabila lingine la viumbe. Nasema damu inabeba maisha ya mtu. Figo zikiwa dhaifu, p-tau inapanda hata kama ubongo ni mzima, kwa sababu figo ndizo zinasafisha. Mtu mwenye uzito mkubwa, namba zake zinaonekana chini. Damu ikikaa masaa mengi kwenye joto kabla ya kuzungushwa na kugandishwa, amiloidi inapungua kwenye chupa yenyewe, na kumbe barabara ndiyo iliyoharibu, koko hana kosa. Haya, nani kati yetu hapa ana hakika ya figo zake? Wazee wetu wameishi na tansiyo miaka ishirini bila dawa, wamekunywa dawa za maumivu za sokoni kama pipi, wamepata malaria mara zisizohesabika. Ukichukua mpaka uliokatwa kwa damu ya mzee wa Sweden ukamwekea koko wa Kadutu, unaweza kumwambia ana Alzheimer kumbe ana figo. Au kinyume, unamwambia hana, na binti yake anarudi nyumbani bila jibu na neno mulozi linaendelea.

Na si mambo ya kubuni. Yameshatokea kwetu, na vipimo vya zamani tena rahisi kuliko hiki. Hemoglobini inajulikana kupanda kwa watu wa milimani, kwa sababu hewa ni nyepesi. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na OMS yenyewe inasema namba ya mtu anayeishi juu irekebishwe, la sivyo mwenye upungufu wa damu ataonekana mzima. Seli nyeupe ni kinyume: Waafrika wengi wana urithi fulani wa damu unaowafanya wawe na seli nyeupe za aina moja chache kuliko Mzungu, na ni wazima kabisa. Kwa safu ya tatu ya Ulaya wanaonekana wagonjwa.

Hapa hapa Rwanda kazi ya kusahihisha ilishafanywa. Mwaka 2009 ilichapishwa utafiti wa watafiti wa Rwanda, Uganda, Kenya na Zambia, Kigali ikiwa moja ya vituo. Walipima watu wazima wenye afya 2,105 ili kupata namba za kawaida za damu za watu wa huku. Kwa nini walihangaika? Kwa sababu walikuwa wanatayarisha majaribio ya chanjo za ukimwi, na kwa majedwali ya Marekani vijana wengi wazima walionekana wana kasoro. Walikataa kupima watu wao kwa rula ya wengine, wakatengeneza rula. Basi jambo hili liliwezekana kwa hemoglobini na seli nyeupe, na lilifanywa na watu wa kwetu. Kwa ubongo wa wazee tunangoja nini?

Naomba sasa nijibu wanaonipinga, maana nimebishana nao sana.

Wa kwanza ni mwenzangu wa kazi, mtu ninayemheshimu. Anasema: "Watu wanalala na njaa, msaada umekatwa, wewe unaongea juu ya amiloidi?" Ndugu yangu, swali lako ni la haki, lakini linabeba mtego. Ni swali linaloulizwa kwa mkimbizi tu. Hakuna anayemwambia mzee wa Brussels achague kati ya mkate na ubongo wake. Tena njaa na ugonjwa huu havikai vyumba tofauti. Yule binti wa koko aliacha biashara ndogo ya mboga aliyokuwa ameianza Kamembe, kwa sababu mama yake hawezi kubaki peke yake. Mtoto mkubwa wa nyumba, msichana wa miaka kumi na minne, anakaa zamu ya usiku mlangoni. Darasani analala. Ugonjwa wa mtu mmoja umekula kazi ya mmoja na shule ya mwingine. Hiyo siyo njaa?

Wa pili anasema: hata ukipata jibu, dawa hakuna. Ni kweli dawa mpya, kama lecanemab iliyokubaliwa Marekani mwaka 2023, ilitangazwa kwa bei ya dola 26,500 kwa mwaka, na inapunguza mwendo wa ugonjwa tu, haiuponyi. Sitaki kumdanganya mtu. Lakini jibu lenyewe lina kazi. Linamwondoa koko kwenye midomo ya watu. Linamwambia binti aache kugombana na mama yake kama vile anafanya makusudi. Na jibu la hapana lina kazi kubwa zaidi, kwa sababu kusahau kunaletwa pia na mambo yanayotibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo, kaswende ya zamani, huzuni nzito, hata masikio yaliyoziba. Kati ya watu waliokimbia vita, huzuni nzito si jambo la nadra. Kumwambia mtu ni uzee tu, kumbe ni kilio kilichokosa pa kutokea, ni kumzika mapema.

Wa tatu ndiye ninayemuogopa zaidi, kwa sababu anaonekana rafiki. Huyu anasema: leteni kipimo haraka, tumieni namba zilizopo, tutasahihisha baadaye. Sikilizeni hesabu hii, ni mfano tu. Tuseme kipimo kinakosea mara 10 katika mia, kwa wagonjwa na kwa wazima pia. Kwenye kliniki kubwa ya ng'ambo, ambako nusu ya watu mia wanaofika kweli wana ugonjwa, kitawapata 45 kati ya wale 50, na kitawasingizia 5. Waliopewa ndiyo, tisa katika kumi ni kweli. Sasa kipeleke kijijini upime wazee wote mia, na wenye ugonjwa ni 6. Kitawapata 5 hivi, na kitawasingizia 9. Kipimo ni kile kile, lakini sasa waliopewa ndiyo wengi wao ni wazima. Na namba 6 sikuiokota hewani: wilaya ya Hai, Tanzania, mwaka 2009 na 2010, watafiti walipita vijijini kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, wakakuta wenye demensia ni karibu asilimia 6.4. Kwa hiyo asiyejua hali ya mahali hawezi kusoma hata kipimo kizuri. Kumwambia mzima kwamba akili yake inakufa ni jeraha pia. Hiyo baadaye ya kusahihisha, mimi sijawahi kuiona ikifika kwa wakimbizi.

Lakini pia natahadharisha upande wangu mwenyewe. Kuna watu watasikia hoja yangu na kusema: basi Waafrika wapewe namba yao, Wazungu yao, tumalize. Hapana. Marekani walifanya hivyo na figo. Kwa miaka mingi hesabu ya figo iliongezwa kidogo kwa kila mtu mweusi, na figo zake zikaonekana nzuri kuliko zilivyo, na wengine wakachelewa kuingia orodha ya kupandikizwa figo. Mwaka 2021 mashirika ya madaktari wa figo ya huko yalipendekeza kuondoa kabisa kigezo cha rangi. Namba ya rangi ya ngozi ni uvivu. Tunachotaka ni namba iliyopimwa, inayojua figo, uzito, umri na magonjwa ya mtu. Tena viashiria havilingani: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2022, uliolinganisha watu weusi na weupe, uliona p-tau181 na wenzake hawatabiri sawasawa kwa makundi yote mawili, lakini uwiano wa amiloidi 42 na 40 ulitabiri vilevile. Unajua vipi kipi kinafaa kwetu? Kwa kupima. Hakuna njia ya mkato.

Na kupima kumeanza, tusijidharau. Kuanzia mwaka 1992 watafiti wa Ibadan, Nigeria, na Indianapolis, Marekani, walifuatilia wazee wa pande zote mbili. Matokeo ya mwaka 2001 yalishangaza watu: kila mwaka, wazee waliopata Alzheimer Ibadan walikuwa asilimia 1.15, na Wamarekani weusi wa Indianapolis 2.52. Ule urithi unaoitwa APOE e4, unaoogopwa sana Ulaya, ulionekana na nguvu ndogo kwa Wayoruba. Ona sasa: wangetumia mawazo ya Ulaya peke yake wasingeona hilo. Na nyumbani kwetu Kongo, mtaalamu wa ubongo Jean Ikanga na wenzake wa Kinshasa na wa chuo cha Emory, Marekani, wamechukua damu ya wazee wa Kinshasa, wenye dalili na wazima, wakapima amiloidi, tau na viashiria vingine. Watu waliopimwa hawakufika mia. Mimi nawapigia makofi, na papo hapo nasema: Kinshasa iko mbali na Bukavu kuliko Nairobi. Wazee chini ya mia hawawezi kubeba nchi nzima, sembuse sisi tuliotoka nje ya nchi.

Hapa ndipo hoja yangu inakuwa ngumu, na sitaikimbia. Ili kupata kawaida unahitaji watu wazima wa afya. Kati ya wakimbizi, mzima ni nani? Ukifukuza kila mwenye tansiyo, kila mwenye figo, kila aliyepigwa kichwani, kila asiyelala usiku kwa kukumbuka aliyoyaona, utabaki na watu kumi, na kawaida yao itakuwa ya watu kumi. Ukiwaingiza wote bila kuchagua, utafanya kosa baya zaidi: utaita ugonjwa kawaida. Kama watoto wengi wa kambi wana upungufu wa damu, wastani wao si afya. Ni wastani wa shida. Mimi naogopa sana siku mtu atakayesema, "Namba za wakimbizi ziko hivi," kisha atuache nazo.

Kwa hiyo ninachodai ni hiki. Wanaotayarisha namba za Afrika wawaweke wakimbizi ndani ya hesabu, lakini wapime pia figo, sukari, tansiyo na ukimwi kwa kila mtu, waandike wazi nani ameingia na nani ametolewa na kwa sababu gani. Wachukue watu wa kutosha, wafuatiliwe miaka, siyo picha ya siku moja. Mtihani wa akili usiwe wa kalamu na karatasi. Koko ambaye hakusoma shule, ukimwambia achore saa, atashindwa, na alishindwa hata alipokuwa na miaka thelathini. Mwulize bei ya ndoo ya sambaza na chenji ya noti, utaona akili yake iko wapi. Aulizwe kwa Kiswahili chetu, kwa Kishi, kwa Kifuliru, kwa Kinyarwanda, kwa lugha anayoota nayo.

Na deni lilipwe. Sisi tumeshatoa alama za vidole, picha za macho, hadithi za safari, tumejibu maswali hadi tumeyajua kwa moyo. Vikaenda, havikurudi. Damu isiwe hivyo. Mtu akitoa damu aambiwe inaenda friji gani, nchi gani, miaka mingapi, na akipatikana na tansiyo siku ile, atibiwe siku ile. Kama watafiti hawawezi hilo, wabaki kwao. Na kwa mzee ambaye akili imeshapungua, ruhusa iombwe kwa familia na yeye mwenyewe aulizwe. Akivuta mkono, mkono wake uheshimiwe.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Safu ya tatu bado ni mbichi. Wataalamu wenyewe bado wanabishana mpaka ukatwe wapi. Ikishachapwa kwenye kila karatasi ya kila labo, itachukua miaka mingi kuifuta, kama ilivyochukua kwa figo.

Kabla haijafika, kuna kazi isiyohitaji mashine, na hii nawaambia vijana. Tume ya jarida la Lancet ilisema mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuilika au kucheleweshwa, na ikataja sababu 14. Ndani yake mnazijua: tansiyo, sukari, kukosa shule, kutosikia, kutoona vizuri, kupigwa kichwa, upweke. Upweke! Huo hauhitaji HCR. Katika kikundi chetu tulikuwa na mchezo wa kuigiza juu ya ukimwi, tulioucheza hadi watu wamechoka. Tumeandika mwingine, juu ya mama anayesahau. Kijana aliyecheza yule mama ni mmoja wa waliokuwa wanapiga kelele za mulozi. Hakuna aliyemlazimisha, aliomba mwenyewe.

Sasa usiku koko akitoka, wanaomkuta hawakimbii. Wanamwambia mtumbwi wa leo umeshajaa, koko, tungoje wa kesho, na wanamrudisha kwake. Yeye anakubali, anauliza nauli ni ngapi. Hiyo ndiyo dawa tuliyo nayo, na ninaijua kwamba haitoshi. Binti yake bado anataka karatasi. Nami nataka siku akiipata, safu zote tatu ziwe zinasema ukweli juu ya mama yake.